Wakuu, hawa samaki ni gapi (guppy) kweli au nimepigwa? Wamezaa mara mbili bila dume, na watoto wote wa kijivu

Zabibu_Kavu (mwanzisha uzi)
Habari za Jumapili. Mimi ni mgeni kwenye samaki wa mapambo. Nina tangi la lita 60 saluni kwangu, Area C, Dodoma. Mwezi wa pili alipita kijana na ndoo, akaniuzia samaki saba, elfu mbili kila mmoja. Akasema ni gapi, majike sita na dume moja. Dume alikuwa mdogo kama ukucha wa kidole gumba, ana rangi ya chungwa mbavuni na mstari mweusi, mkia mfupi tu. Alikufa wiki ya pili. Majike wote wa kijivu kama chuma cha dirisha.

Tangu dume afe wamezaa mara mbili. Watoto wa kwanza wana miezi miwili sasa na hakuna hata mmoja mwenye rangi. Halafu wiki iliyopita mteja wangu kaniletea gapi wawili wa mkia mpana, wale wanaotembea kama wamejifunga khanga. Siku ya tatu mikia imebaki vijiti. Je, hawa wangu ni gapi? Na nani kazaa na nani?

Kiberenge
Nimevuta kigoda. Waje wajuvi.

FundiVioo
Pole dada. Mimi ni fundi wa matangi, Chang'ombe, na hii kesi naiona kila mwezi. Hao ni gambusia, samaki wa mbu. Gapi hawana tabia ya kutafuna mikia ya wenzao kiasi hicho. Gambusia ndiyo kazi yake. Muangalie kichwa kwa juu: kimebapa, mdomo unatazama angani kama anasubiri kulishwa. Angalia na mkia, utakuta vidoa vyeusi vidogo vimejipanga mistari. Ukiviona, kesi imekwisha.

Binti_Mpwapwa
@FundiVioo kaka usimtishe mwenzio. Jike la gapi wa kawaida huwa la kijivu, rangi ni mambo ya madume. Hata mimi wangu wa kwanza nilidhani nimeuziwa dagaa. Dada Zabibu, angalia tumbo karibu na tundu la haja. Ukiona doa jeusi linalokua kadiri mimba inavyokua, hao ni gapi, lala usingizi.

Ticha_Mstaafu
Binti yangu wa Mpwapwa, hapo nakusahihisha kidogo. Doa hilo gambusia jike analo pia, tena kwake mara nyingi ni jeusi zaidi. Kwa hiyo doa linakuambia ana mimba, halikuambii ni nani.

Kinachosaidia ni magamba. Jina la kitaalamu la gapi ni *Poecilia reticulata*, alilopewa na mtaalamu Peters mwaka 1859. Hilo *reticulata* maana yake ni yenye wavu. Ukimulika jike la gapi kwa ubavu, kingo za magamba zinaonekana kama wavu wa kuvulia. Mapezi yake ni meupe ya kupenyesha mwanga, hayana vidoa. Gapi mwenyewe jina lake la mtaani limetoka kwa bwana mmoja wa Trinidad, Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao London miaka ya 1860. Huko wakadhani ni samaki mpya, wakampa jina lake. Baadaye ikagundulika Peters alishatangulia, lakini jina la mtaani likang'ang'ania.

Kuhusu kuzaa bila dume, hakuna muujiza. Majike wa jamii hii wanahifadhi mbegu za dume mwilini na kuzaa mara kadhaa kutokana na kupandwa mara moja. Kila baada ya wiki nne hivi anashusha uzao mwingine. Anaweza kukaa miezi bila kumuona dume.

Kiberenge
"Anaweza kukaa miezi bila kumuona dume." Ticha, hii umeandika kwa samaki au kuna mtu unamlenga humu?

Chikande_wa_Bahi
Mbukwenyi. Nyie watu wa mjini mnahangaika bure. Huyo kijana kachota kwenye dimbwi. Mwezi wa pili ni masika ya kwetu, madimbwi yote ya Bahi yanajaa visamaki hivyo hivyo, vidogo, majike ya kijivu na madume ya rangi. Mvua ikinyesha vinashuka nayo. Kiangazi dimbwi linakauka mpaka ardhi inapasuka, mvua ikirudi na wao wanarudi. Wazee wetu wanalijua hilo kabla ya haya majina ya kizungu.

Ticha_Mstaafu
@Chikande_wa_Bahi hapo umegusa samaki ninaowapenda kuliko gapi wote wa dunia. Hao wa madimbwi ni jamii ya *Nothobranchius*. Yuko anayeitwa *Nothobranchius neumanni*, wa huku huku Tanzania ya kati. Ila hawashuki na mvua, mzee. Wanataga mayai kwenye tope. Dimbwi likikauka wazazi wanakufa wote, mayai yanabaki yamelala ardhini miezi mingi yakisubiri maji. Mvua ikipiga, yanaanguliwa, na ndani ya wiki chache wameshakuwa wakubwa na kutaga tena.

Na ndiyo maana hawawezi kuwa wa dada Zabibu. Hao WANATAGA. Wa kwake wanazaa watoto wanaoogelea.

Chikande_wa_Bahi
Kwani aliwaona wakizaa? Si kaamka asubuhi kakuta watoto?

Zabibu_Kavu
Niliona kwa macho yangu. Nilikuwa namsuka mteja, akaniambia "dada, samaki wako anatoa kitu". Kilitoka kimejikunja kama koma, kikakaa chini sekunde kadhaa, kikanyooka kikakimbilia kwenye majani. Nyuma yake mwingine. Mteja akasimama na nywele nusu.

Chikande_wa_Bahi
Basi sawa. Lakini dume la chungwa lilitoka wapi?

Kasuku_wa_Kisasa
Swali la @Chikande_wa_Bahi ndilo la msingi, nashangaa wote mmelipita. Someni tena maelezo: mdogo kama ukucha, chungwa mbavuni, mstari mweusi, mkia mfupi. Huyo ni endla. Nafuga endla mwaka wa tatu, hapo sidanganyiki.

Endla ni ndugu wa karibu wa gapi, kwao ni Venezuela upande wa Cumaná. Kapewa jina la John Endler, aliyewakusanya kwenye ziwa moja huko mwaka 1975, na jina la kitaalamu, *Poecilia wingei*, alikuja kulipata mwaka 2005 tu. Dume ni kama sentimita mbili na nusu. Rangi zake ni kali kama kanga mpya: chungwa, kijani cha kung'aa, mistari myeusi. Na majike wake ni wa kijivu. Hivyo dada ana endla, mambo ya gambusia ni kumpa presha bure.

FundiVioo
@Kasuku_wa_Kisasa endla gani anatafuna mkia wa gapi mpaka kijiti? Endla ni mpole hadi anaudhi.

Kasuku_wa_Kisasa
Mkia mpana unaoza wenyewe kwa maji machafu, fundi. Tangi la lita 60 lenye wazazi sita na uzao mbili, chujio lenyewe la mfuko, unategemea nini? Watu wanaona mkia umechanika wanatafuta mtuhumiwa wakati mtuhumiwa ni ndoo ya maji ambayo haijabadilishwa.

Zabibu_Kavu
Maji nabadilisha kila Jumatatu, saluni imefungwa. Robo ya tangi. Nayalaza kwenye ndoo usiku mzima kwanza. Msinisingizie.

Binti_Mpwapwa
Nakuunga mkono dada. Na maji ya Dodoma kwa samaki wa kuzaa ni neema, wanapenda maji magumu. Birika langu lina utando mweupe unene wa shilingi, samaki wangu wanazaa kama hawana akili nzuri. Mdogo wangu yuko Njombe anahangaika na moli, samaki wengine wa kuzaa, wanatikisika pale pale kama wana malaria.

Mpigadebe_Nanenane
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mimi nina samaki wa mkia upanga, wale ambao dume mkia wake una ncha ndefu kama upanga. Jike langu, limezaa mara tatu mbele ya macho yangu, sasa limeota upanga na linafukuza majike wenzake. Limegeuka dume? Kuna mtu aliniambia ni maji ya chumvi.

FundiVioo
Hutokea. Nimeona mara mbili.

Ticha_Mstaafu
Umeona upanga, fundi, hilo silikatai. Lakini kuota upanga si kuwa dume. Jike mzee anaweza kupata dalili za kiume homoni zikiyumba. Na wapo madume wanaochelewa kupevuka: mwaka mzima anaonekana jike, mnene, halafu ghafla anaota upanga, mwenyewe anaapa jike kageuka. Bwana wa Nanenane, una hakika aliyezaa ndiye aliyeota? Alikuwa peke yake tangini?

Mpigadebe_Nanenane
Walikuwa wanne wekundu wote.

Ticha_Mstaafu
Haya.

Mpigadebe_Nanenane
Ila huyu ana kovu mdomoni ticha, namjua kama mwanangu.

Kiberenge
Mwanao umemkosea jinsia mwaka mzima halafu unasema unamjua.

Nyota_wa_Mtera
Turudi kwa dada. Nimesoma uzi wote, kila mtu anabishana na hakuna mtu amemuomba picha ya maana. Dada Zabibu, picha uliyoweka ya tangi zima haisaidii, tunaona mwanga wa taa na bango la rasta. Fanya hivi. Chukua chupa safi ya plastiki ya lita moja na nusu, ikate shingo, au bora zaidi kopo la kioo lenye pande bapa. Jaza maji ya tangi lile lile. Mchote samaki mmoja kwa kikombe, usitumie mkono. Nyuma weka kitambaa cheusi, tochi ya simu nyingine imulike kwa juu. Subiri atulie, piga kwa UBAVU. Tunataka vitu vitatu: mkia, pezi la mgongo linaanzia wapi ukilinganisha na pezi la chini, na mdomo.

Kwa gambusia pezi la mgongo liko nyuma sana, linaanza baada ya pezi la chini kuanza. Kwa hao watoto wa miezi miwili, tafuta mwenye pezi la chini lililogeuka kuwa kijiti. Huyo ni dume, hicho kijiti ndicho cha kupandia. Gapi au endla dume mwenye miezi miwili anatakiwa awe ameanza rangi. Akiwa na kijiti na bado ni wa kijivu mwili mzima, mimi naenda upande wa fundi.

Binti_Mpwapwa
Hiyo ya pezi la mgongo isikuchanganye dada, hata jike la gapi pezi lake haliko mbele sana. Tofauti ni ya upana wa uzi. Mimi ningeamini vidoa vya mkia kuliko pezi.

Mjukuu_wa_Hombolo
Na kama ni gambusia kuna wa aina mbili tena! Yuko *affinis* na yuko *holbrooki*. Zamani wote waliitwa jina moja. *Holbrooki* kawaida anamzidi mwenzake mwale mmoja (kile kijifupa chembamba kinachoshika pezi) kwenye pezi la mgongo, na dume wake ana meno meno kwenye mwale wa tatu wa kile kijiti. Hesabu miale dada.

Zabibu_Kavu
Kaka yangu, nina foleni ya wateja na wewe unataka nihesabu meno ya kijiti cha samaki.

Kiberenge
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Mjukuu_wa_Hombolo
Samahani dada. Ila moli wanatenganishwa hivyo hivyo kwa miale. Moli wa kawaida ana kama 8 hadi 11 kwenye pezi la mgongo, moli mwenye tanga anaanzia 12 kwenda juu, na pezi lenyewe linaanzia mbele kabisa. Mimi niliuziwa "moli wa tanga" shilingi elfu nane, nikahesabu tisa. Nikarudi dukani na picha. Muuzaji akaniambia mengine yatakua.

FundiVioo
Yatakua 😂😂 miale siyo meno ya mtoto.

Chikande_wa_Bahi
Kama ni hao wa kula mbu si ndiyo vizuri? Amwage kwenye bwawa nyuma ya nyumba, mbu waishe.

Ticha_Mstaafu
ASIMWAGE. Narudia mzee wangu, kwa heshima. Gambusia wamesambazwa duniani kwa sababu hiyo hiyo ya mbu, na leo wamo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Wanakula mayai na watoto wa samaki wenyeji na vyura, na kwa mbu hawawazidi kwa kitu samaki wenyeji. Wakifika kwenye madimbwi ya Bahi, wale *Nothobranchius* wako wa rangi ndio watakuwa wa kwanza kutafunwa mapezi. Gapi na endla nao, hata kama ni wapole, wabaki tangini.

Chikande_wa_Bahi
Hapo nimekuelewa. Wangu wasiguswe.

Zabibu_Kavu
Wakuu, leo Jumatatu, nimefanya kama alivyosema @Nyota_wa_Mtera. Chupa iliniangusha, plastiki inapinda picha, nikatumia chombo cha kioo cha kuwekea sukari. Nimepiga wote sita mmoja mmoja, nimetumia saa mbili na nusu.

Jamani. Hawafanani. Miezi yote hii nimeona samaki sita wa kijivu, kumbe watatu wana vidoa mkiani, vidogo kama ncha ya kalamu, mistari miwili mitatu, na kuna kivuli cheusi chini ya jicho kama wanja uliochuruzika. Watatu hawana kidoa hata kimoja, mkia ni kioo kitupu, na ule wavu wa ticha unaonekana wazi ukimulika. Picha nimeweka, 1 hadi 3 ndio wa vidoa.

FundiVioo
Kesi imekwisha. 1, 2, 3 gambusia. Nilisema.

Kasuku_wa_Kisasa
Nusu ya kesi, fundi. 4, 5, 6 ni endla. Na dume alikuwa wao.

Binti_Mpwapwa
4, 5, 6 ni gapi. Nilisema mimi pia.

Nyota_wa_Mtera
Hapo @Kasuku_wa_Kisasa na @Binti_Mpwapwa mtabishana mpaka zabibu ziive. Jike la endla na jike la gapi kwa macho hawatenganishiki. Ndiyo maana wafugaji wa endla wameweka madaraja ya herufi: N ni wale ambao ukoo wao unajulikana tangu walikokusanywa, P ni wale wanaoonekana endla lakini hawana historia, K ni mchanganyiko uliothibitika. Wa kwenye ndoo ya kupita mtaani hawezi kuwa N hata aje amevaa tai.

Na wapo wataalamu wanaosema endla si aina tofauti, ni gapi wa kabila jingine tu. Wanazaliana na watoto wao wanazaa.

Kasuku_wa_Kisasa
Kuzaliana si hoja. Samaki aitwaye plati na mkia upanga wanazaliana na kila mtu anakubali ni aina mbili. Wengi wa madukani ni machotara wa hao wawili, kuanzia rangi zile nyekundu za kuwaka.

Mpigadebe_Nanenane
Kumbe wangu anaweza kuwa chotara wa plati? Ndiyo maana upanga wake ni mfupi?

Ticha_Mstaafu
Upanga mfupi, mwili mnene, inawezekana kabisa. Mpige picha kwenye chombo cha sukari.

Kiberenge
Wake zetu wajiandae, vyombo vya sukari vimekwisha.

Mjukuu_wa_Hombolo
Lakini bado kuna swali. Watoto wa miezi miwili ni wa nani? Kama uzao ule ulikuwa wa 4, 5 au 6, madume yangekuwa na rangi. Kama ni wa gambusia, ni sawa kuwa wa kijivu, mbegu walikuja nazo tumboni. Na gambusia na gapi hawapandani. Maana yake yule dume wa chungwa hahusiki na hao watoto kabisa.

FundiVioo
Au waliozaliwa na 4, 5, 6 waliliwa wote na 1, 2, 3. Gambusia anakula watoto kama karanga. Waliobaki ni wa kwake.

Binti_Mpwapwa
Hata gapi anakula watoto wake, fundi, usiwasingizie gambusia peke yao. Na pia chotara wa gapi wa kawaida wanaweza kuchelewa rangi. Baridi ya mwezi wa sita Dodoma si ya mchezo, dada ana hita tangini?

Zabibu_Kavu
Sina hita. Asubuhi kioo kinakuwa baridi ukigusa.

Binti_Mpwapwa
Umeona. Baridi inachelewesha kukua. Uwape mwezi mwingine.

FundiVioo
Gambusia baridi haimbabaishi. Kama wanachangamka asubuhi hiyo hiyo ya baridi, hiyo nayo ni ushahidi.

Zabibu_Kavu
Wanachangamka wote, mimi ndiye sichangamki.

Asanteni sana wote. Nimewatenganisha jana usiku: wa vidoa wamebaki tangi kubwa na wale wadogo wote, 4, 5 na 6 nimewahamishia kwenye beseni la kuoshea nywele lililopasuka bomba, nimeweka majani na taa. Wale gapi wa khanga wamerudi kwa mwenyewe kuuguzwa mikia.

Sasa hivi saa nne usiku, naandika nimekaa sakafuni. Namba 5 anazaa. Wametoka kumi na moja, nimehesabu mara mbili, namba 4 kammeza mmoja mbele yangu, nimemtoa kwa kikombe. Wote wa kijivu kwa sasa, macho tu.

Kasuku_wa_Kisasa
Usilale dada. Weka tarehe. Wiki ya sita tunakutana hapa.

FundiVioo
Na mimi nitakuwepo. Mkileta rangi ya chungwa, hita naitoa bure.

Chikande_wa_Bahi
Hita ya fundi isiwe ile ya kuchemshia maji ya kuoga tu.